Maneno Ambayo Tantine Hakuyasema

Arlène aliingia Johannesburg akiwa msichana mdogo, amelala mapajani mwa dada wa mama yake, ndani ya basi lililotoka Lusaka. Mama yake mzazi walikuwa wamemwacha kaburini Bukavu. Huyo dada wa mama, Jocelyne, hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kitana, mikono miepesi, na anwani ya mtu wa kanisani kwao aliyekuwa akiishi mtaa wa Berea. Alisuka kwanza barazani, kisha kwenye kiti cha kukodi katika saluni ya mtu mwingine, na mwishowe akafungua saluni yake mwenyewe chini ya ghorofa kuukuu. Kwa vichwa vya watu alimlea yule mtoto, akamvalisha, akamsomesha mpaka akamaliza shule. Arlène alimwita Tantine, kama Wakongo wengi wanavyomwita mama mdogo. Majirani walidhani ni mama na bintiye, na hakuna aliyewasahihisha.

Nyumbani walizungumza Kiswahili cha Bukavu. Kiingereza na Kizulu Arlène alivipata shuleni, upesi kama watoto wanavyopata mafua, na tangu hapo akawa mdomo wa Tantine. Alimsemea kwa mwenye nyumba, alimsemea kwa daktari, alimsemea kwa mafundi wa umeme. Siku moja mwalimu alimwita mzazi kulalamika kwamba Arlène hafungi domo darasani. Arlène alitafsiri kwamba mwalimu anamsifu kwa uchangamfu, na Tantine akamnunulia soda njiani. Alipokua aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi, watu wakicheka. Baadaye aliacha kuisimulia.

Mambo yalianza siku maafisa walipopita mtaani wakiuliza kila mwenye saluni cheti cha ufundi cha serikali. Saluni iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilifungwa kwa mnyororo, na mwenyewe akasimama nje na birika lake mkononi, hajui aende wapi. Tantine aliambiwa kwamba mtu aliyefanya kazi hii miaka mingi halazimiki kwenda chuo. Anaweza kufanya mtihani tu. Sehemu moja ni ya mikono, na nyingine ni ya maswali ya mdomo. Asiyejua Kiingereza anaruhusiwa kuja na mkalimani wake, mradi asiwe ndugu.

"Nani atanisemea kama si weye?" Tantine aliuliza.

"Wamesema asiwe ndugu, Tantine."

"Majina yetu inafanana? Weye uko na jina ya baba yako. Nani atajua?"

Wakati huo Arlène alikuwa akifanya kazi mapokezi katika duka la miwani mjini. Hakupenda wazo lile, lakini alikuwa amekula kwa ile saluni tangu utoto wake, na hakuona jinsi ya kukataa. Alitafuta kitabu cha mtihani, na kila jioni akirudi kazini alikaa kwenye kigoda jikoni, akikisoma kwa Kiingereza na kukisema kwa Kiswahili, huku Tantine akisonga ugali.

Mengi Tantine aliyajua kuliko kitabu. Machache aliyakataa.

"Mteja anakuja kuwekewa dawa ya kulainisha nywele," Arlène alisoma, "unafunua kichwa unakuta kidonda. Unafanya nini?"

"Napaka mafuta mingi juu ya kidonda, naweka dawa pembeni-pembeni, naosha haraka."

"Hapana. Kitabu kinasema unamkatalia. Unamwambia arudi akipona."

Tantine alicheka mpaka akauacha mwiko sufuriani. "Mtu amepanda teksi kutoka mbali, kesho iko na ndoa, mi nimwambie rudia nyumbani? Atavuka barabara, mwengine atamwekea. Mwenye kuandika ile kitabu hajawahi kulipa nyumba."

"Basi kwenye mtihani sema tu hivyo, hata kama hufanyi."

"Nitasema, nitasema. Lete sahani."

Siku ya mtihani sehemu ya mikono ilikwenda vizuri sana. Tantine alikata, akaosha, akapaka rangi, akasuka mistari iliyonyooka hata mtahini akaita wenzake waje kutazama. Arlène alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kifua kimejaa fahari. Kisha waliitwa katika chumba kidogo chenye meza na viti vitatu, kwa maswali.

Mtahini wa chumba hicho aliitwa Mma Seleka, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimpa Arlène karatasi ya kutia sahihi kwamba hana undugu na mtahiniwa.

"Mnafahamiana vipi?" aliuliza, bila ya kushuku chochote, akitafuta kalamu.

"Tunasali kanisa moja," Arlène alisema. Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli aliweza kulitamka bila sauti kutetemeka. Akatia sahihi.

Maswali yalianza mepesi. Unasafishaje kitana baada ya mteja mwenye mba? Kwa nini unavaa glavu? Rangi ikiingia jichoni unafanyaje? Tantine alijibu kwa mapana yake, na Arlène alipunguza pale maneno yalipozidi, lakini alisema kile kilichosemwa. Tantine alikuwa amechoka. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba ndani ya viatu vya kanisani.

Ndipo Mma Seleka akauliza kuhusu kidonda.

Arlène alilitafsiri swali polepole, akiyavuta maneno, akimtazama Tantine usoni kama mtu anayemsukuma mwenzake mlangoni. Tantine alifuta jasho.

"Napaka mafuta mingi juu ya kidonda," alisema, "naweka dawa pembeni-pembeni, naosha haraka."

Nje mtu alikuwa akiburuta viti. Mkalimani hakuruhusiwa kumkumbusha mtahiniwa, wala kuongeza swali lake mwenyewe. Hilo nalo alikuwa amelitilia sahihi. Mma Seleka alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Arlène aliona saluni imefungwa kwa mnyororo. Alimwona Tantine nje, amesimama.

"Anasema hamwekei dawa," alisema kwa Kiingereza. "Anamwambia arudi siku nyingine, akipona. Na kama kidonda ni kibaya, anamshauri aende kliniki."

Mma Seleka aliandika. "Na mteja akilazimisha?"

Arlène alitafsiri.

"Akilazimisha namwekea," Tantine alisema. "Si yeye njo mwenye kichwa?"

"Anasema hata akilazimisha, hamwekei."

Tantine aligeuza shingo akamtazama Arlène. Hakukuwa na hasira machoni mwake, wala shukrani. Arlène alidhani ni uchovu.

Walipokuwa wakitoka, Mma Seleka alimshika Arlène bega. "Unatafsiri vizuri," alimwambia. "Wengine wananichanganya. Wewe unasema moja kwa moja." Arlène alisema asante, na maneno hayo yakakaa naye ndani ya teksi, yakapanda naye ngazi mpaka chumbani.

Cheti kilikuja. Tantine alikitia kwenye fremu akakitundika kando ya kioo kikubwa, mahali ambapo kila anayekaa kitini lazima akione. Jumapili mchungaji wao, Ezéchiel, alimwita mbele ya kanisa ashuhudie. Kisha akamwita na Arlène. "Huyu ndiye aliyekopesha mdomo wake!" alitangaza, na watu wakapiga makofi na vigelegele. Arlène alisimama pale madhabahuni akitazama viatu vyake. Kulikuwa na mama mmoja kwenye safu ya mbele aliyekuwa akilia kwa furaha, na ni huyo ambaye Arlène hakuweza kumtazama.

Miezi ikapita. Arlène alijifariji kwa namna nyingi. Tantine alikuwa ameweka dawa vichwa vingi mno kabla hajawa na karatasi yoyote, na hajaunguza mtu. Swali moja haliharibu mtihani mzima. Kitabu chenyewe kiliandikwa na watu wasiojua Berea. Yote hayo yalimsaidia kidogo, kama dawa ya maumivu inavyosaidia jino bovu.

Jumamosi alikuwa akimsaidia Tantine kuosha vichwa. Jumamosi moja, saluni imejaa, aliingia mama mmoja wa makamo amevaa baibui na ushungi wa kijani, akasalimia kwa Kiswahili cha pwani. Jina lake lilikuwa Tabia, mzaliwa wa Tanga, akiishi mtaa wa Turffontein na kuuza vitambaa. Binti yake Mayasa alikuwa anaolewa, na kungekuwa na siku ya wanawake watupu, ambapo kila mmoja angefunua kichwa na kuonyesha nywele zake.

"Huwa najitengenezea mwenyewe nyumbani," alisema akikaa, "lakini hii ni harusi ya mwanangu wa pekee. Nimepita saluni nyingine huko juu, sikuona cheti ukutani. Hapa nilipochungulia nikakiona, nikasema moyoni, hapa ndipo penye mtu aliyesomea."

Tantine alitabasamu akamfungua ushungi.

Tabia alikuwa amefumua misuko yake jana yake, na kama kila mtu anayefumua, alikuwa amejikuna. Nyuma ya sikio la kulia na kushuka kuelekea kisogoni ngozi ilikuwa imechubuka, na mahali pengine palikuwa na umajimaji. Arlène alikuwa amesimama nyuma na taulo mkononi. Alipaona vizuri sana.

"Ulijikuna, mama?" Tantine aliuliza.

"Kidogo tu, si neno. Wewe nitengeneze, mwenzangu, nina wageni kutoka Dar."

Mkono wa Tantine ulisimama hewani, juu ya kopo la mafuta. Akainua macho akamtazama Arlène ndani ya kioo. Ilikuwa ni kitambo kifupi, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupita. Arlène alikunja taulo. Ilikuwa tayari imekunjwa. Akaifunua akaikunja tena. Wateja wengine walikuwa wanasubiri. Wanawake wawili waliokodi viti kwa Tantine walikuwa wakipiga soga. Kulisema lile jambo pale, mbele ya cheti na mbele ya watu wote, kungekuwa kumwambia Tantine kwamba hajui, na kumwambia kila mtu kwamba Arlène anajua kuwa hajui. Akanyamaza. Tantine akachota mafuta kwa kidole.

Tabia alivumilia kupita kiasi. Aliambiwa zamani na mtu fulani kwamba dawa isiyowasha haifanyi kazi, basi ilipomwasha alifumba macho akafikiria nywele zitakavyolala. Tantine aliitwa na fundi wa bomba mlangoni, akasimama naye kidogo. Aliporudi akapeleka kichwa kwenye sinki, na maji yalipogusa nyuma ya sikio Tabia alipiga kelele ambayo ilizima saluni yote. Povu lilishuka na damu. Arlène ndiye aliyekuwa ameshika bomba la maji. Aliendelea kumwagia maji, mengi, akisema "pole mama, pole mama."

Walimkimbiza kliniki. Nesi alisafisha, akafunga bandeji, akasema kwamba mahali pale, upana wa kiganja, huenda nywele zisiote tena.

Jumapili iliyofuata harusi, Arlène alinunua machungwa na keki akapanda teksi kwenda Turffontein. Alitaka kutukanwa. Njia nzima alikuwa akijiandaa kutukanwa.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni. Salamu hiyo kwao haikuwepo; aliipata kwa Watanzania wa mtaani.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani."

Tabia alimkalisha, akamletea chai ya tangawizi na vitumbua. Alikuwa amefunga ushungi wake kwa namna mpya, mzito upande mmoja. Mayasa naye alikuwepo, amekuja kumtazama mama yake, hina bado nyekundu mikononi.

"Mwambie fundi asihuzunike," Tabia alisema. "Nimesikia hali vizuri, hataki hata kufungua saluni. Mwambie si yeye. Yule ana cheti cha serikali, asingepewa kama hajui kazi. Ni kichwa changu hiki. Tangu utoto kina maradhi, marehemu bibi alikuwa akikihangaikia. Ningejua nisingempa mtu wa watu kazi ya kichwa kama hiki."

Arlène alitafuna kitumbua.

Mayasa alikuwa akimtazama. "Siku yangu mama alikaa na ushungi wake toka mwanzo mpaka mwisho," alisema taratibu. "Wanawake wote wamefunua vichwa, wanacheza, yeye amekaa kajifunika. Watu wakawa wananiuliza kama kuna msiba."

"Wewe nawe," Tabia alimkatiza. "Mgeni anakunywa chai."

Arlène alipoaga, Tabia alimfungia vitumbua vilivyobaki ampelekee Tantine. Alivibeba mapajani njia nzima ya kurudi, vya moto, na hakukuwa na tusi ambalo lingemuumiza hivyo.

Alimkuta Tantine saluni, peke yake, mlango umefungwa nusu, akiosha vitana ambavyo vilikuwa safi.

"Amekupa salamu," Arlène alisema. "Anasema ni kichwa chake. Anasema wewe una cheti."

Tantine aliendelea kuosha.

"Tantine, ile siku ya mtihani, swali la kidonda. Sikusema ulichosema."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilisikia." Tantine aliweka kitana chini, akachukua kingine. "Kingereza ya 'rudi siku ingine' naijua sana, Arlène. Tangu nifike hii inchi njo ile naambiwa. Mi nilisema naweka, weye ukasema mi narudishaka watu. Nikajua umebadilisha."

Arlène alikaa kwenye kiti cha wateja. "Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Mtoto wangu ni muongo? Ama mi sijue kazi?" Alikikung'uta kitana maji. "Na nilitaka ile karatasi. Njo ukweli yote. Niliitaka sana, nikanyamaza."

Nje mtu alijaribu kusukuma mlango, akaona giza ndani, akaondoka.

"Na ile siku ya yule mama," Tantine aliendelea, sauti imeshuka, "nilikuangalia kwenye kioo. Nilingoja useme. Nikasema, huyu njo alisoma kitabu. Kama ni mubaya sana, atasema. Ukanyamaza. Nikasema basi, si mubaya sana."

Arlène alifunika uso. Miezi yote hiyo alikuwa amejibebesha uongo wa ndani ya kile chumba cha mtihani. Kumbe ule wa kwenye kioo ndio uliomuunguza Tabia, na huo hakuutamka hata kwa neno moja.

Walikwenda Turffontein pamoja, Tantine amevaa nguo ya kanisani. Hakutaka Arlène amsemee. Alimwambia Tabia kwa Kiswahili chake, kinavyotoka, kwamba kidonda alikiona, kwamba kitabu kinakataza na yeye aliambiwa, na kwamba jibu lililomfaulisha halikuwa lake. Arlène akasema lililobaki: kwamba yeye ndiye aliyelitunga.

Tabia aliwasikiliza mpaka mwisho. Chai ilikuwa imeshamiminwa, hakuna aliyeigusa.

"Siku zote hizi," alisema hatimaye, "nimekichukia kichwa changu. Nimekaa nikimlaumu bibi yangu kaburini kwa kunirithisha." Alimgeukia Arlène. "Ulikaa hapo ulipokaa sasa. Ulikula. Nikakufungia na vya nyumbani. Usingeweza kuniambia siku ile?"

"Ningeweza," Arlène alisema.

"Haya." Tabia aliinuka akaanza kukusanya vikombe, vimejaa vilevile. "Nimesikia. Nendeni salama."

Hakuwatukana, hakudai chochote, na hakusema amesamehe.

Kwenda kwa Mma Seleka lilikuwa wazo la Arlène. Tantine aliogopa, na alikuwa na sababu. Cheti kikiondoka, saluni inafungwa. Na saluni ikifungwa, wale wanawake wawili wa viti watakula wapi? Alizunguka na swali hilo siku kadhaa. Kisha asubuhi moja aliishusha fremu ukutani, akaifunga kwenye khanga, akampa Arlène.

"Nenda," alisema. "Mi ile sitaweza kuitamka kwa mzungu wala kwa mweusi. Mara hii sema vile ilikuwa."

Arlène alisema vile ilivyokuwa. Mma Seleka alivua miwani ikabaki inaning'inia kifuani. Hakupaza sauti. "Nilikusifu," alisema tu, na Arlène akatamani angepaza sauti. Cheti kilibaki pale. Tantine angeweza kurudia maswali ya mdomo baada ya miezi kadhaa, kwa mkalimani atakayechaguliwa na kituo. Arlène aliandikiwa kwamba hataruhusiwa kumkalimania mtu yeyote hapo tena.

Saluni ilifungwa. Mmoja wa wanawake wa viti alipata nafasi kwa Mnaijeria wa jirani. Mwingine, Murielle, mwenye mtoto mchanga, alihamia Diepsloot nje ya mji, akawa anasuka kando ya spaza, kiduka cha mtaani, chini ya mwavuli. Alimpigia Arlène simu siku moja ya mvua. "Nyinyi mmesafisha roho zenu," alisema, "mimi nimelowa." Arlène akawa anamtumia chochote alichoweza kila mwisho wa mwezi, na Murielle alikipokea bila kusema asante. Arlène aliona ni haki yake kutosema.

Tantine alisuka nyumbani, wateja wakikaa sakafuni kwenye godoro. Jioni alisoma kitabu kile kile. Hakumwomba Arlène amsomee. Alimwomba jirani, mwanafunzi wa chuo, na walikaa ukumbini huku Arlène akisikiliza kutoka upande wa pili wa pazia. Mara moja alimsikia Tantine akisema lile jibu la kidonda, sawasawa na kitabu, na akilirudia tena bila kuulizwa.

Siku ya kurudia, mkalimani alikuwa mzee mmoja Mrundi, Lambert, mwenye suti ya kahawia. Arlène aliwasindikiza mpaka langoni akangoja nje ukingoni mwa barabara. Walipotoka, Lambert alimpa Tantine mkono kwa heshima akaenda zake.

"Walikuuliza nini?"

"Mambo mingi."

"Ukasema nini?"

"Ulizia Lambert," Tantine alisema.

Alifaulu. Saluni ilifunguliwa tena, ndogo kuliko zamani, yeye peke yake na viti viwili vitupu. Dawa anaweka, lakini kwanza anapitisha vidole kichwa kizima, mstari kwa mstari, chini ya taa. Wapo aliowarudisha. Arlène Jumamosi bado anakwenda kuosha vichwa. Wanaongea, wanacheka, wanakula pamoja, lakini barua ikija kwa Kiingereza Tantine huikunja akaitia pochini mpaka ampate Lambert.

Tabia hakurudi. Arlène humwona mara moja moja mjini na mzigo wake wa vitambaa, na kila mara humvukia barabara kwenda kumwamkia, ingawa angeweza kujifanya hajamwona. Tabia huitikia marahaba, humuuliza hali ya nyumbani, humwambia ana haraka.

Juzi Tantine alikwenda kliniki kwa ajili ya presha, na Arlène akamsindikiza kwa sababu miguu inamsumbua. Daktari, kijana wa Kizulu, aliuliza swali lake akamtazama Arlène, kama wote wanavyofanya. Arlène alifungua mdomo, kisha akaufunga, akashika mkoba wa Tantine kwa mikono miwili. Tantine alijibu mwenyewe kwa Kiingereza chake cha saluni, neno moja moja, akionyesha kwa vidole. Alisema anakunywa vidonge kila siku, asubuhi, na chai. Daktari alifurahi, akaandika.

Walitoka wakasimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, Tantine amemshika mkono ili wavuke.

"Nilisema muzuri?" aliuliza.

"Vizuri. Ila umekosea moja. Umesema unakunywa kila siku."

"Sikukosea," Tantine alisema. "Nimedanganya."

Taa ilibadilika, watu wakavuka wakiwapita huku na huku. Ikarudi nyekundu. Arlène hakuvuta mkono.

"Eish," Tantine alisema mwishowe, akageuza viatu vyake vilivyombana kuelekea kule walikotoka. "Twende turudi."